Wiki kumi za shemeji Kassim

Zawadi kaposwa, Baba Mdogo katoka hospitali, na mimi bado nimekwama kwenye neno la shemeji Kassim: "Magna Carta yenyewe ilidumu wiki kumi. Ilimfunga nani?"

Kwa hesabu yuko sawa. Magna Carta ni mkataba uliowekea mamlaka ya mfalme mipaka; Mfalme John wa Uingereza aliutia muhuri pale Runnymede, Juni 15, 1215. Agosti 24 Papa Innocent III akaubatilisha. Wiki kumi kamili. Ilimfunga nani?

Kilichouponza ni kifungu cha 61. Makabaila 25 walipewa kazi ya kuulinda. Aliyedhulumiwa na mfalme au maofisa wake alipeleka shauri kwa wanne kati yao, na mfalme akawa na siku 40 za kurekebisha. Zikipita bure, wote 25 waliruhusiwa kumkamatia ngome, ardhi na mali, ilimradi wasimdhuru yeye, malkia wala watoto. Hapakuwa na mwamuzi wa kati: walalamikaji ndio mahakimu, ndio madalali. Mfalme gani angevumilia? Kabla mwaka haujaisha, vita.

Lakini shemeji aliishia hapo, pilau ikaletwa, na yaliyobaki ndiyo yenye uzito. John alikufa Oktoba 1216, mrithi wake Henry ana miaka tisa. Walezi wake, William Marshal akiwa mbele, wakautoa upya mwezi uliofuata bila kifungu cha 61. Mwaka 1225 Henry akautoa tena, safari hii kwa malipo: alipewa kodi ya sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika. Mwaka 1297 Mfalme Edward I, akihitaji fedha za vita, naye akalazimika kuuthibitisha. Makabaila walichoshindwa kukipata kwa kukamata ngome, walikipata kwa kushikilia kodi.

Na hapo hasira yote inanitoka, maana vifungu vya 39 na 40 vilipona. Mtu huru asikamatwe wala kunyang'anywa mali ila kwa hukumu halali ya wenziwe au kwa sheria ya nchi. Haki haiuzwi, hainyimwi, haicheleweshwi. Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana waliachwa nje, na hilo linauma. Hata hivyo vifungu hivyo, vilivyounganishwa kuwa cha 29 mwaka 1225, bado ni sheria Uingereza. Nikivisoma nafurahi kabisa.

Jumamosi wakwe wanaleta mahari, turubai hatujapata, na mawingu haya siyaamini.