Mguu wa Mjomba

Jioni hii jirani anamkanda mama yake kwa mafuta ya karafuu. Harufu imepenya dirishani, nami nimemkumbuka Mjomba na mguu wake wa kushoto.

Ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Kidonda kilipona, lakini usiku aliguna kwamba vidole vimejikunja na kucha zinamchoma unyayo. Nyumbani wengine walisema ni jini, wengine kwamba mguu haukuzikwa inavyopasa. Mimi nilikuwa likizo, nasoma falsafa, kichwa kimejaa Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa ambaye mwaka 1641 aliandika kwamba amesikia watu waliokatwa mkono au mguu wakisema bado wanaumwa pale pale pasipo na kitu. Kwake ilikuwa sababu mojawapo ya kuzitilia shaka hisi. Nilikuwa nimesoma pia habari za Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, na kioo alichokitumia miaka ya 1990 kuwatuliza waliokatwa viungo maumivu ya aina hiyo.

Tukabandua kioo cha kabati. Nikakisimamisha kitandani katikati ya mapaja, kikitazama mguu mzima, kigutu kikajificha nyuma. Mjomba akainama. Ndani ya kioo palikuwa na mguu wa kushoto, una kovu la jembe ambalo lilikuwa la mguu wa kulia.

"Kunjua vidole taratibu, Mjomba. Vya pande zote mbili."

Akakunja, akakunjua. Mkaza mjomba alisimama mlangoni na chupa ya mafuta, hasemi. Mjomba akarudia tena na tena, macho hayabanduki kiooni, jasho likimteremka shingoni.

"Vimefunguka," akasema.

Akataka kujua kulikoni. Nikamweleza maelezo mojawapo ya wataalamu: ubongo una ramani ya mwili, na kisu hakiifuti. Ubongo huamuru vidole vikunjuke, haupati jibu; leo macho yameuletea jibu.

Akanyamaza, kisha akaushika mguu wa kulia.

"Na huu naujua kwa ramani hiyo hiyo?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi nitajuaje upi mguu, upi ramani?"

Nikasema huu mzima hata mimi nauona.

"Na wewe unaona kwa kitu gani, mwanangu, kama si kwa ubongo?"

Kioo kilimsaidia, ingawa maumivu hayakwisha kabisa mpaka alipofariki. Baadaye nilisoma kwamba hata baadhi ya waliozaliwa bila kiungo hukihisi, na nikazidi kuamini kwamba anayeuliza ni vitu gani vipo hawezi kuipuuza sayansi ya akili. Inaonyesha ni yapi kati ya tunayoyaona tumeyaletewa na dunia, na ni yapi tumeyatunga wenyewe. Lakini mahali pa kupitisha mstari huo sipaoni vizuri hadi leo. Huwa naelekea kusema maumivu hayakuwa mguuni hata kabla haujakatwa. Mjomba nilipomwambia hivyo alikataa katakata: yalikuwa kwenye kidole gumba, alisema, na mwenye kuumwa ni yeye.