Masks of Nyarlathotep ikichezwa Nairobi, na vitabu vingine vya Call of Cthulhu nilivyosoma

Watu wa group yetu wameniuliza sana niandike ni vitabu gani vya Call of Cthulhu vinafaa kununuliwa na vipi mtu aviache, haya basi, nimekaa chini naandika, na nitaanza na kile kinachotuhusu zaidi sisi wa Nairobi alafu hivyo vingine nipitie haraka haraka.

Kwa wale hawajui, hii ni gemu ya kuigiza ya mezani, karatasi, penseli, dadu na midomo yenu, ilitoka 1981, Sandy Petersen ndiye aliandika na Chaosium ndio hutoa mpaka saa hii. Mnacheza watu wa kawaida, mwandishi wa gazeti, karani, nesi, miaka ya 1920, mnafuata kesi fulani hadi mnakutana na kitu ambacho binadamu hakupaswa kukiona, na kila ukiona kitu kama hicho unarusha dadu za asilimia kujua kama akili yako itashika ama itapungua. Ikiisha imeisha, mtu wako ameenda. Anayesimamia hadithi sisi tunamwita kipa, na kwa meza yetu mara nyingi kipa ni mimi.

Sasa Masks of Nyarlathotep. Larry DiTillio na Lynn Willis, 1984, na ukiuliza wachezaji wa hii gemu popote duniani kampeni kubwa (yaani hadithi ndefu ya vikao vingi) ni gani wengi watakutajia hii. Inaanza Januari 1925 New York, mwandishi Jackson Elias anauawa kabla hajawaeleza alichogundua, na kutoka hapo mnafuata nyayo za msafara wa tajiri mmoja Mmarekani, Roger Carlyle, uliopotelea Kenya 1919. London, Cairo, Kenya, Australia, Shanghai. Toleo la 2018 limeandikwa upya na watu kadhaa, Mike Mason na Lynne Hardy wakiwemo, limepita kurasa 600 na limeongeza sura ya Peru ya 1921 mbele ya zingine zote, na hiyo sura ya Peru ni nzuri sana juu inawapa wachezaji nafasi ya kumpenda Elias akiwa hai, kwa hivyo akifa New York inawauma kweli na sio tu jina kwa karatasi.

Mimi nilikinunua kwa sababu ya sura ya Kenya. Na nitasema wazi, hiyo sura ina vitu viwili vikubwa ambavyo nadhani mtu wa huku ataviona haraka kuliko mtu wa nje, kimoja kizuri kimoja kibaya.

Kizuri ni hiki. Kati ya zile karatasi za ushahidi mnazopewa mwanzoni kuna habari za gazeti kwamba maiti za msafara zilipatikana karibu na msitu wa Aberdare, na Wanandi kadhaa wakashtakiwa kwa hayo mauaji wakanyongwa. Mchezaji wa Marekani anasoma hapo anapita. Kwa meza yetu dada mmoja ambaye kwao ni Kapsabet, huko Nandi, alisoma mara moja akaweka karatasi chini akasema, Wanandi wanatafuta nini Aberdare? Na kweli, Aberdare ni Nyandarua, ni upande wa Wakikuyu, Nandi iko huko ng'ambo ya Bonde la Ufa kabisa. Kesi nzima ya serikali ikaanza kunuka kabla hata hatujatoka New York, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe inataka, juu hao watu kweli walisingiziwa. Alafu ukiongeza kwamba Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza 1905 kwa kile kilichoitwa mkutano wa amani, mchezaji haitaji kurusha dadu yoyote kuamini serikali ya mkoloni inaweza kunyonga watu wasio na hatia ifunge faili. Sijawahi kuona karatasi ya ushahidi ikifanya kazi vizuri hivyo.

Kibaya ni kwamba ushahidi mwingi wa sura hii umepangwa kwa mgeni mwenye pesa. Unaingia ofisi ya serikali unauliza, unakunywa na afisa, unakodisha gari na wapagazi. Skili ya Credit Rating, yaani pesa na hadhi ya mtu wako, inakufungulia milango yote. Sawa, lakini sisi tulitaka kucheza na watu wa Nairobi, na Mwafrika wa Nairobi 1925 hiyo milango imefungwa kabla hajaifikia. Kulikuwa na kipande, kilianza kutekelezwa baada ya vita vile vya kwanza, mwanaume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 anakibeba ndani ya mkebe wa chuma shingoni, kimeandikwa alama zake za vidole na mwajiri wake na mshahara wake. Ukiacha kazi bila mwajiri kukusainia, wewe ni mtoro na polisi wanakutafuta. Sasa niambie mpelelezi wa aina hiyo anafuata vipi dhehebu la Ulimi wa Damu, wale maadui wa sura hii, hadi Mlima wa Upepo Mweusi, na Jumatatu asubuhi anatakiwa kazini?

Hapo ndipo mimi huona horror yenyewe. Zimwi liko mwisho wa safari, lakini askari aliye kona ya barabara akiuliza kipande yuko kila siku, na ukichelewa kurudi hakuna mtu utamweleza uliona nini huko msituni akakuamini. Wachezaji wangu walianza kuogopa jua likizama juu ya kafyu kabla hata ya kusikia jina la Nyarlathotep, yule mungu wa kutisha wa kampeni hii.

Kwa hivyo nilichukua ushahidi uleule nikaupitishia kwa watu wengine. Afisa hazungumzi na wewe, lakini mpishi wake anazungumza, na mpishi alikuwa chumbani wakati wageni wanakula. Faili huoni, lakini karani Mgoa aliyeipiga taipu anakumbuka ukurasa uliotolewa. Wapelelezi wakitaka maktaba, na kwa hii gemu lazima watake maktaba, kumbuka McMillan ilifunguliwa 1931 na ilikuwa ya wazungu peke yao kwa miaka mingi, basi niliwapeleka kwa mtu anayefanya usafi ofisi za gazeti la East African Standard, na yeye huweka nakala za zamani nyumbani Pumwani kwa kuzibandika ukutani. Wakasoma habari ya msafara wa Carlyle ukutani kwa mwanga wa koroboi, nusu ya ukurasa imefunikwa na tangazo la sabuni. Dadu ikirushwa vibaya, hiyo nusu inabaki imefunikwa.

Alafu kuna huyu Johnstone Kenyatta. Yuko ndani ya kitabu, ndio, huyo huyo, na wapelelezi wakimfikia vizuri anaweza kuwaelekeza kwa mzee mmoja mwenye elimu ya mambo haya, anaitwa Old Bundari. Watu wengine wanaona kumweka mtu wa historia hivyo ni kumtumia vibaya, mimi naona inafaa, lakini kitabu kingeweza kumtumia zaidi. Miaka hiyo Kenyatta alikuwa ameajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya maji, anasoma mita. Fikiria hiyo kazi! Mtu ambaye anaruhusiwa kuingia kila kiwanja Nairobi, kwa mzungu, kwa Mhindi, na hakuna anayemwangalia mara mbili. Anajua nyumba gani inatumia maji usiku wa manane. Kwa meza yangu ushahidi wake wa kwanza ulikuwa huo, godauni tupu ambalo mita yake haisimami, na wachezaji walinyamaza wote.

Kitu kingine kipa wa huku asikose kukiweka ni Machi 1922. Harry Thuku, mwanaharakati aliyewapinga wakoloni, alikamatwa, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi karibu na hoteli ya Norfolk, Muthoni Nyanjiru akawachachafya wanaume waliotaka kurudi nyumbani, polisi wakapiga risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 21, watu waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Kampeni ikifika Nairobi hiyo ni miaka mitatu tu imepita na Thuku bado yuko uhamishoni. Kila Mwafrika ambaye wapelelezi wanaongea naye ama alikuwa hapo ama anajua aliyekuwa hapo, na mgeni akija kuuliza maswali kuhusu mauaji yaliyofichwa, watu watadhani anauliza ya 1922. Ukichezesha hivyo mazungumzo yanakuwa na uzito ambao hakuna kitabu cha mazimwi kitakupa.

Kuhusu dhehebu lenyewe, toleo la zamani lina picha ya Mwafrika wa msituni anayechinja watu, picha ambayo tumeichoka sote, na tukumbuke Lovecraft mwenyewe, mwandishi aliyebuni dunia hii ya Cthulhu, aliyefariki 1937, alikuwa mbaguzi na aliandika hivyo bila kujificha. Toleo la 2018 limerekebisha mengi na waandishi wake wanazungumza na kipa waziwazi kuhusu hili jambo, naheshimu hiyo. Lakini bado nilipunguza ngoma na mikuki nikaongeza wafuasi wenye suti, juu mtu wa kuogopesha zaidi katika koloni ni yule mwenye muhuri.

Secrets of Kenya ya David Conyers, 2007, ndicho kitabu cha nyongeza ambacho wengi watakwambia ununue uambatanishe na Masks. Nunua kama unataka reli, Mombasa, wanyama, umbali wa safari na visa vya ziada vya kucheza, hapo kinasaidia na mtu amefanya kazi. Mimi nilitamani zaidi kuhusu mitaa: Pumwani ikiwa ndio tu imeanza, Pangani ya zamani ambayo ilibomolewa mwisho wa miaka ya 1930, Kariokor inayobeba jina la wale wapagazi wa vita, maelfu kwa maelfu hawakurudi. Hayo niliyatoa kwa vitabu vya historia na kwa wazee.

Kile kitabu kilichonifundisha kufanya haya yote hata hakihusu Afrika. Ni Harlem Unbound ya Chris Spivey, 2017, alafu Chaosium wakatoa toleo la pili 2020. Kinakuweka Harlem ya miaka ya 1920, wapelelezi ni watu weusi, wanamuziki, washairi, wauza magazeti, na kina mwongozo wa jinsi ubaguzi unavyobadilisha ugumu wa kurusha dadu kulingana na uko wapi na unaongea na nani. Nilichukua huo mfumo nikauleta Nairobi karibu ulivyo. Mpishi akiongea na mpishi mwenzake, dadu ya kawaida. Akiongea na bwana shauri mzungu, nusu ya skili yake, na wakati mwingine hakuna dadu, jibu ni hapana. Kama una pesa ya kitabu kimoja tu cha nyongeza na wewe ni kipa Afrika Mashariki nunua hiki, hata kabla ya kile cha Kenya, na sisemi hivyo kwa wepesi.

Horror on the Orient Express nitapita haraka. 1991, ikatolewa tena 2014 ikiwa kubwa ajabu, treni kutoka London hadi Konstantinopoli mkikusanya vipande vya sanamu moja yenye laana. Ni nzuri kusoma na mabehewa yameelezwa vizuri mno, lakini wachezaji wangu walihisi wanabebwa, mji baada ya mji, bila kuamua kitu. Kama group yenu inapenda kuamua, achaneni nayo.

Riwaya sasa. Hizi nyingi ni za Arkham Horror, gemu ya bodi ambayo Chaosium yenyewe ilitoa mara ya kwanza 1987, dunia ni ileile ya Lovecraft, na 2020 kampuni ya Aconyte ilianza kutoa riwaya zake. Wrath of N'kai ya Josh Reynolds ina mwizi mwanamke, Countess Zorzi, ametumwa kuiba maiti iliyokaushwa, inakimbia vizuri na ukiwa kwa mathree ya kurudi nyumbani jioni hutasikia jam. Kwa upande wa horror haikunishika, huyo dada hashtuki vya kutosha na asiposhtuka yeye mimi siogopi. The Last Ritual ya S. A. Sidor iko polepole, ni ya wachoraji, mwisho wake unalipa lakini lazima uvumilie katikati.

Ile nilipenda ni Mask of Silver ya Rosemary Jones, 2021. Watu wa filamu za zamani zisizo na sauti wanaenda Arkham kutengeneza filamu ya kutisha, na anayesimulia ni fundi wa mavazi. Kila kitu anakiona kupitia kazi yake, kitambaa, mshono, barakoa inavyokaa usoni, na kwa sababu anajua nguo vizuri, kitu kikienda mrama kwa nguo wewe msomaji unajua kabla hajasema. Kipa asome hii na penseli mkononi. Baada ya kuimaliza niliwaambia wachezaji kila mtu achague kazi ambayo ameiona ikifanywa kwao, na sasa tuko na fundi cherehani wa River Road, mfanyakazi wa karakana ya reli na mama muuza pombe Pumwani, na wote watatu wanajua godauni lenye mita isiyosimama liko wapi. Tunaendelea Ijumaa.

Anayetaka kuanza bila gharama, kanuni za kuanzia za Chaosium ni PDF ya bure na ndani yake kuna kisa kinaitwa The Haunting, nyumba moja, jioni moja, kinatosha. Kiko Boston. Mimi nilikihamishia Parklands na hakikuhitaji kubadilishwa sana, nyumba kubwa ya mawe, wapangaji hawakai, na mlinzi wa usiku ambaye anakataa kuzunguka upande wa nyuma.