Kamera ya boksi: taswira imetokea!

Imeonekana! Mti wa uwanjani, shina juu na matawi chini, na ukijani wake wote, ndani ya boksi la viatu lenye tundu dogo upande mmoja na skrini ya karatasi upande wa pili. Darasa la nne walipiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha jirani akaja kuuliza kulikoni, kisha akapanga foleni achungulie na yeye.

Kukata na kubandika hakukutusumbua. Kilichotutesa ni ukungu: kila boksi lilitoa doa jeupe lisilo na umbo. Tuliziba pembe zote kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Giza likakolea ndani, lakini doa likabaki doa. Basi shida ilikuwa kwenye tundu. Kadi ya boksi ni nene, ukiitoboa inaacha nyuzinyuzi zinazokatiza mwanga. Tukakata kidirisha, tukabandika karatasi ya alumini, tukatoboa hiyo. Bado! Watoto wanaisukuma sindano hadi katikati, tundu linapita milimita 1. Hapo kila nukta ya mti inamwaga doa pana kwenye skrini, na madoa yanapandana. Ukilifanya dogo kupita kiasi nako taswira inafifia, na mwanga wenyewe unaanza kutawanyika kwenye kingo. Kwa boksi la sentimita 20, kipimo kizuri ni kama milimita 0.6.

Aliyetutoa hapo ni msichana mmoja mkimya. Aliilaza alumini juu ya kadi ngumu, akaizungusha sindano taratibu kati ya dole gumba na kidole cha shahada bila kuikandamiza, akaacha ncha tu ipenye. Tundu likatoka duara safi. Nimejivunia sana mtoto yule.

Kuhusu vifaa: gundi ya maji siitaki tena kwenye kazi hii. Inalowesha kadi, kadi inajikunja, mwanga unapenya. Na kwa skrini, karatasi ya kunakilia ramani inaishinda mbali ile iliyopakwa mafuta, ambayo inachafua kila kitu.

Nilipanga tuendelee na mchoro wa jicho. Nimeuweka kando, kwa sababu mvulana mmoja aliuliza kama tundu linaweza kutuonyesha jua. Linaweza! Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Kiarabu, alichunguza hivyo umbo la jua lililopatwa, yapata miaka 1,000 iliyopita. Unalipa jua mgongo, unatazama kadi tu. Kuchungulia jua kupitia tunduni ni marufuku kabisa. Taswira ya jua huwa na upana wa takriban sehemu 1 kwa 108 ya umbali kutoka tunduni: mita 1 inatoa milimita 9, mita 2 inatoa 18 na ushei. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo watoto wa darasa la nne, kwa rula na kugawanya, wanaweza kuupata upana wake: karibu kilomita milioni 1.4.

Sasa nasaka maboksi marefu ya kuunganisha. Mita 2 ndiyo naitaka, maana milimita 9 kwa rula za watoto ni ndogo mno.