Doa limetoka, tumbo ni lile lile: uzoefu wangu wa kukatwa kwa kamera

Tumbo langu limekatwa mara mbili, na ukiniona nimevua shati huoni alama hata moja. Nawaandikia hasa walioambiwa wana mabadiliko tumboni ambayo bado hayajawa saratani, na wale waliokwisha kutolewa kitu cha namna hiyo wakaambiwa "safi, nenda nyumbani". Mimi pia niliambiwa hivyo, na ilikuwa kweli. Ila kuna nusu ya pili ya maelezo ambayo watu wengi hawaisikii, au wanaisikia wakiwa bado na usingizi wa dawa.

Mimi ni mtu wa Pangani, lakini niko Japani miaka mingi, mkoa wa Kanagawa, kwenye biashara ya magari yaliyotumika. Hayo mnayoyaona bandarini Dar na Mombasa yakiwa na stika za Kijapani kwenye kioo, mengine yamepita mikononi mwangu. Saratani ya tumbo imewasumbua Wajapani vizazi na vizazi, ndiyo maana wanaitafuta kabla haijajionyesha. Tangu 2016 mwongozo wa serikali yao unataka manispaa zimpe mtu wa miaka 50 na kuendelea kipimo cha tumbo kila baada ya miaka miwili, ama eksirei baada ya kunywa bariamu, ama kamera. Barua yangu ilikuja kwa posta kama bili ya maji. Sikuwa naumwa. Kiungulia ninacho, lakini nani hana kiungulia anayekula saa nne usiku? Nilichagua kamera kwa sababu wenzangu pale yadini walisema bariamu inafunga choo.

Walipitisha mpira mwembamba puani. Karibu na mlango wa kutokea chakula kwenda utumbo mdogo daktari akaona doa lililopauka, limeinuka kidogo, kama milimita 15. Akachukua kinyama, yaani kipande kidogo cha doa, kikapimwe maabara. Majibu yalisema "kundi la 3". Wajapani hupanga vinyama vya tumbo kuanzia 1 hadi 5: 1 hakuna kitu cha kutia shaka, 5 ni saratani, na 3 ni uvimbe wa seli zilizoanza kupotoka, ambao haujawa saratani. Nilikuwa pia na bakteria aina ya Helicobacter pylori, yule yule wa vidonda vya tumbo tunayemsikia kila siku nyumbani, na sehemu kubwa ya utando wa ndani wa tumbo ilikuwa imekonda.

Binti yangu ndiye aliyekuwa mkalimani, maana Kijapani changu ni cha mnada wa magari. Daktari alichora ngazi kwenye karatasi. Bakteria huingia mara nyingi utotoni, kupitia watu wa nyumba moja. Tumbo linawaka polepole kwa miaka mingi. Utando unakonda, halafu baadhi ya seli zinaacha kuwa seli za tumbo na kufanana na za utumbo. Baadaye chache zinapotoka, na kati ya hizo chache ndimo saratani hutoka. Ngazi hii ilielezwa na mtaalamu wa Kolombia, Pelayo Correa, na daktari alisisitiza kwamba wengi wenye bakteria hawafiki juu. Mimi nilikuwa nimebakiza hatua moja.

"Baba, anauliza kama kuna mtu kwenu aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo."

Nikamkumbuka mjomba. Sisi tulisema vidonda vya tumbo. Alikunywa shubiri na muarobaini mpaka akaisha, na hakuna aliyewahi kumtazama ndani.

Niliuliza kwa nini wanitoe kitu ambacho si saratani. Jibu lake lilinitosha: kinyama ni kipande kidogo mno cha doa, na baadhi ya madoa ya kundi la 3 yakitolewa mazima hukutwa yana kibaya zaidi pembeni. Ukilitoa lote unatibu na kupima kwa pamoja.

Kazi yenyewe inafanyika ukiwa umelala, kwa vifaa vinavyopitishwa kwenye mpira wa kamera. Wanapiga vidoti vya moto kuzunguka doa, wanaingiza maji yenye rangi ya buluu chini ya utando ili uinuke utengane na msuli, kisha wanakata duara na kuuchuna taratibu kutoka chini. Zamani walikuwa wakinasa kwa kitanzi cha waya, na doa likiwa kubwa linatoka vipandevipande, hujui ukingo uko wapi, na mabaki yanaota tena palepale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa kituo cha taifa cha saratani cha Tokyo walianza kutumia kisu chenye kijipira cha kauri nchani, ili kisitoboe ukuta wakati wa kukata. Kwa saratani za mwanzo za tumbo, bima ya Japani ilianza kuilipia njia hii 2006. Hatari zake nilizisaini mwenyewe: kutoboka, na kutoka damu hata siku kadhaa baadaye. Niliambiwa choo kikiwa cheusi kama lami, au nikisikia kizunguzungu, nisisubiri asubuhi.

Nililazwa, nikapewa dripu, kesho yake wakachungulia tena, kisha uji wa mchele mwepesi usio na chumvi wala sukari. Sitausifu.

Kidonda wanachokuacha nacho ni kikubwa kuliko doa lenyewe, na huchukua kama wiki nane kufunga, huku unameza dawa za kupunguza asidi. Kwangu wiki hizo ziliingia Ramadhani. Daktari hakuwa na habari na saumu, ikabidi binti aeleze tangu mwanzo, hata maji hapana? Hata maji. Akatikisa kichwa. Mgonjwa ana ruhusa, nikala kwa kujificha wanangu wasinione, kama mwizi, nikaja kulipa siku zile za baridi ambapo Magharibi huku inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hesabu hiyo nilipata nafuu.

Ripoti ya maabara ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Kwangu kulikuwa na pembe moja yenye mabadiliko makali, yaani seli zilizopotoka sana, lakini kingo zote safi, chini safi, na hakuna seli iliyoingia kwenye mishipa. Mwenye ripoti ya namna hii asimwachie mwingine aisome peke yake, aulize kila neno. Na kama utaivusha mpaka, jua kwamba Wajapani huita saratani mambo ambayo wenzao wa Ulaya na Marekani huita mabadiliko makali tu. Walikaa Vienna wakatengeneza mpangilio wa pamoja, ukachapishwa 2000, lakini tabia haijaisha. Omba picha, na kama inawezekana omba vioo vyenyewe vya maabara vilivyobandikwa vipande vya doa, ili daktari wa upande wa pili aone kwa macho yake.

Nikauliza, "Kwa hiyo nimepona?"

Daktari akasema doa limekwisha, ila tumbo ni lile lile. Hapo nikaelewa haraka, maana nimekulia kwenye nyumba ya mawe ya pwani. Ukuta ulionyonya chumvi unaweza kuuziba lipu palipobanduka, na pale patashika vizuri kabisa, lakini mwakani utabanduka mahali pengine. Kwa hiyo hatari ni mbili, tusizichanganye. Moja ni doa kurudi kwenye kovu lake, na likiwa limetoka zima na kingo safi hilo ni nadra. Nyingine ni doa jipya kuota mahali pengine kwenye utando ule ule uliochoka. Hii ya pili haiishi kwa sababu ya kwanza imefanikiwa.

Cha kwanza kukifanya ni kumtoa bakteria. Hapa dozi huwa ya siku saba: dawa kali ya kupunguza asidi, amoksisilini na klarithromaisini. Kwangu ilishindwa, kwa sababu bakteria wengi sasa wamezoea klarithromaisini. Wakaibadilisha kwa metronidazoli, na mdomo ukawa na ladha ya msumari. Halafu ukapimwe kama kweli ameondoka, kwa pumzi au kwa choo, si chini ya wiki nne baada ya kumaliza dozi, na dawa za asidi ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo. Kile kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kwa kazi hii, maana kinaweza kuendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya yeye kuondoka. Nyumbani nimekutana na watu waliorudia dozi juu ya dozi kwa sababu ya kipimo hicho.

Je, kumtoa kunasaidia mtu ambaye tumbo limeshakonda? Wajapani walifuatilia watu 544 waliotolewa saratani za mwanzo kwa kamera, matokeo yakatoka 2008: katika miaka mitatu, nusu waliotibiwa bakteria walipata madoa mapya 9, nusu wasiotibiwa 24. Wakorea walitoa yao 2018, wakiwemo wagonjwa wa mabadiliko makali kama yangu: waliopata saratani mpya ni asilimia 7.2 ya waliotibiwa bakteria, dhidi ya 13.4 ya wasiotibiwa. Imepungua karibu nusu. Lakini wale asilimia 7.2 walikuwa wametibiwa na doa likaota hivyohivyo, na mimi nikaja kuingia kwenye fungu hilo.

Baada ya kukatwa nilipigwa kamera miezi michache baadaye kutazama kovu, kisha kila mwaka. Kwenye mojawapo ya hizo za kila mwaka likaonekana doa jingine, juu zaidi, upande wa ule mkunjo mfupi wa tumbo. Dogo, bapa, jekundu kiasi. Dada yangu wa Tanga alikasirika kwenye simu kana kwamba nimetapeliwa. "Kaka, si walisema wametoa?" Walitoa. Hili ni jingine. Daktari wangu hakujificha pia: alisema huenda lilikuwepo tangu mwanzo likajificha kwenye utando uliowaka, na bakteria akishaondoka madoa mengine hufunikwa na seli zenye afya juu yake, yakawa magumu kuyaona. Alinichuna tena, ripoti ikawa nyepesi kuliko ya kwanza. Kama ningesubiri dalili, sidhani kama ningekuwa nazungumzia kuchunwa.

Sasa nimeuzoea mwaka wangu. Miadi naiweka mwezi ambao mnada umepoa. Asubuhi wananipa kikombe cha dawa ya kuyeyusha ute na povu, na nakinywa chote, kwa sababu tumbo lenye ute halionekani vizuri hata kwa kamera ya bei mbaya. Picha zote nazihifadhi kwenye faili, na mwanzoni mwa kila kipimo naomba watazame makovu yote mawili kwanza. Bima inalipa asilimia 70, na gharama za mwezi zikizidi kiwango fulani kuna ukomo, kwa hiyo hilo halikuniangusha. Kilichonishinda kidogo ni chakula. Sigara niliacha, lakini chumvi! Nimelelewa kwa ng'onda na papa mkavu, nikahamia nchi ya kachumbari za chumvi na supu ya miso. Mke wangu siku hizi hulowesha ng'onda usiku kucha na kumwaga maji mara kadhaa, na bado nakula kipande tu, si cha kila wiki.

Nyumbani nimewaambia ndugu zangu wa tumbo moja wapime kama wana bakteria huyu. Kipimo cha choo kinapatikana kwenye maabara nyingi za mjini, na kamera ipo hospitali za rufaa, Muhimbili na KCMC zikiwemo. Dada alipima, akakutwa naye, akameza dozi ya siku 14 huku akinilaumu mimi kwa ladha ya mdomo wake, na kipimo cha pili kikatoka safi. Kaka yetu mkubwa anasema yeye ana gesi tu. Nimemtumia nauli ya kwenda mjini na pesa ya kipimo. Pesa imepokelewa, kikopo cha choo bado hakijafika maabara.