F1 kwenye kiyoyozi changu, na bodi iliyosingiziwa

Nimechoka kusikia kwamba kiyoyozi kikionyesha herufi na tarakimu mahali pa nyuzi joto, dawa yake ni kuongezwa gesi. Hapa Mombasa ushauri huo hutolewa na kila mtu, kuanzia bawabu wa jengo hadi fundi mwenye gari lenye maandishi ubavuni, na katika joto la kaskazi, watu wanapokesha wakijipepea, hakuna mwenye nguvu ya kubishana. Mimi nilibishana, na ubishi huo uliniepusha na gharama iliyokaribia nusu ya bei ya kiyoyozi kipya.

Fundi wa kwanza alifika nyumbani kwangu Tudor na mtungi wake begani, akakitazama kioo cha kiyoyozi kilichoandika F1 na kusema, "Mzee, hapa gesi imekwisha." Nilimwomba azime umeme ukutani, angoje kidogo, kisha awashe tena. F1 ilijitokeza papo hapo, huku kipande cha nje, chenye kompresa inayosukuma gesi, kikiwa kimya kabisa. Nikamwuliza, "Fundi, kompresa haijaanza hata kunguruma, hiyo gesi imejulikanaje kwamba haipo?" Alicheka, akasema kwamba nimesoma sana, akachukua nauli yake na kwenda zake. Gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haitumiki ikaisha kama ile ya jikoni. Ikiwa imepungua, pana mahali inapovujia, na kuijaza bila kupatafuta mahali hapo ni kuipulizia hewani.

Fundi wa pili alikuwa na ujuzi zaidi, na ndiye aliyenikera zaidi. Aliusoma msimbo, yaani ile herufi na tarakimu, sawasawa, kwamba kwenye mashine yangu F1 ni hitilafu ya kihisi cha joto la chumba, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwenye bodi, yaani ubao wa elektroniki unaoiongoza mashine: eti stima ya mtaani hupanda na kushuka, kwa hiyo bodi imeungua na lazima inunuliwe mpya. Sikuona amepima kitu chochote.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu anayeishi Minnesota, ambako nyumba hupashwa joto kwa tanuri la gesi. Bodi ya tanuri lake huwa na taa ndogo inayomweka kwa mpangilio maalumu, na maana ya mimweko hiyo imebandikwa nyuma ya kifuniko. Yake ilikuwa ikilalamikia ndimi za moto kutoonekana, na kihisi chenyewe, yaani kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto na kupitisha mkondo mdogo mno wa umeme, kilikuwa kizima, ila kimepakaa utando. Alikisugua taratibu kwa sufu ya chuma na nyumba ikapata joto. "Msimbo hukutajia njia ya umeme yenye kasoro," aliniambia, "haukutajii kifaa kilichokufa." Njia hiyo ina kihisi, waya, plagi na bodi, na yeyote kati yao anaweza kuwa ndiye mkosaji.

Kabla ya yote tafuta kitabu cha mashine yako mwenyewe, kwa maana misimbo haifanani: E1 kwenye viyoyozi vingi vya Gree ni shinikizo la gesi lililozidi, ilhali kwenye vingi vya Midea ni mawasiliano yaliyokatika kati ya kipande cha ndani na cha nje. Jirani anayekuambia maana ya E1 bila kuuliza jina la mashine anabahatisha.

Nilifungua kifuniko na kukuta vihisi viwili, kimoja kikiwa kidonge cheusi kilichobanwa nyuma ya chujio, ambacho hupima hewa ya chumba, na cha pili kikiwa kimechomekwa kwenye kijibomba cha shaba ili kipime ubaridi wa mabomba. Plagi ya kile cha chumba ilikuwa imeota ukoga wa kijani, jambo lisilomshangaza mtu yeyote anayeishi karibu na maji ya chumvi. Niliisafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, F1 ikatoweka, nikajipongeza kwa chai. Usiku, unyevu ulipoongezeka, ikarudi.

Hapo ndipo nilipotumia ujanja ambao hadi leo unanipa majivuno. Kihisi cha namna hii ni kikinzani, yaani kifaa kinachozuia mkondo wa umeme, ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda. Changu, kwa mujibu wa kitabu, kina ukinzani wa kiloomu 10 kwenye nyuzi 25. Vingine vina 5, 15 au 20, kwa hiyo usikisie. Nilikwenda kwenye duka la vifaa vya elektroniki karibu na Digo Road nikanunua vikinzani vya kawaida vya kiloomu 10, vyenye mistari ya kahawia, nyeusi na rangi ya machungwa, kwa pesa ambazo hazitoshi hata nauli ya matatu. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikachomoa kihisi, nikapachika kikinzani kwenye tundu lake, nikarudisha kifuniko ndipo nikawasha, kwa sababu katika baadhi ya mashine hata upande huo wa bodi una umeme wa kuua. Bodi iliyodaiwa kuungua ikaamini kwamba chumba kina nyuzi 25, F1 ikapotea, na hewa baridi ikaanza kutoka. Usikiache kikinzani humo, hata hivyo: ukiagiza nyuzi 24, kompresa haitapumzika kamwe, na ukiagiza 26, haitaanza.

Bodi ikawa imetakasika. Kihisi nacho nilikitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kukizamisha katika glasi ya maji yenye barafu tele, ambayo hukaa karibu na nyuzi sifuri, nikaunganisha mita ya kupimia ukinzani kwenye plagi. Ilisoma kiloomu thelathini na kitu, kama inavyopasa. Nilipokishika kiganjani ikashuka taratibu hadi chini ya 7. Kisha nikauvuta waya kidogo pale unapoingia kwenye plagi, na mita ikaruka ikaonyesha njia imekatika. Nilipochuna ganda la waya nilikuta shaba imegeuka unga wa kijani, imebaki nyuzi mbili tatu za kushikilia heshima. Bodi ikipata njia iliyokatika hudhani chumba kina baridi ya kugandisha, na kwa kuwa baridi hiyo haiwezekani, huandika F1.

Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kipande kipya kwa risasi, nikakivika mpira unaosinyaa kwa moto. Waya mbili za kihisi hazina chanya wala hasi, hivyo hapakuwa na cha kukosea. Kaskazi nzima iliyofuata F1 haikurudi.

Jirani wa ghorofa ya juu aliposikia aliniita nikamtazamie LG yake iliyokuwa ikionyesha CH05. Hiyo ni ya mawasiliano kati ya ndani na nje, na waya zake hukaa pamoja na zile za umeme mkubwa. Nilimshauri aite fundi, ila asikubali kununua bodi kabla hajaona mita ikitoka mkobani.