Mzee wa vitenge kalipa!

Jamani, leo nimelipwa.

Si mnamjua yule mzee wangu wa vitenge Kariakoo? Tovuti nilishamkabidhi kitambo, ipo hewani, hata domeini ya .co.tz, yaani anwani yake ya mtandaoni, nililipia mimi. Nikigusia hela iliyobaki: "Kijana wangu, biashara ngumu, njoo wiki ijayo."

Leo nikashuka mwendokasi pale Msimbazi, nikampa shikamoo yake, nikakaa juu ya robota la vitenge.

Sikudai. Nimekaa tu.

Mara akaingia mama mmoja, mteja kutoka Lubumbashi, simu mkononi. Anapitisha kidole kwenye zile picha nilizopiga mwenyewe: "Nataka hii, na hii, na hii."

Tovuti yangu hiyo!

Mzee akanitupia jicho la pembeni.

Mama alipoondoka, droo ikavutwa. Noti zimefungwa raba bendi. Akalamba kidole, akahesabu taratibu kama mtu anayeng'olewa jino. Mwishoni akachomoa elfu kumi, akairudisha ndani: "Hii ya soda ya vijana."

Nikamwachia, ningefanyaje.

Halafu eti: "Sasa niwekee na pa kulipia kwa simu, si kazi ndogo tu?"

Kazi ndogo! Nikamwambia hiyo ni kazi mpya na bei yake mpya, nusu mbele kabla sijagusa kompyuta. Kacheka, kasema atanipigia.

Nyie mnaojiajiri hapa mjini, wateja wa "njoo wiki ijayo" mnawabana vipi? Leteni mbinu.

Na anayenidai awahi, LUKU ya umeme imeshaanza kupiga kelele.