Nilivyoipumzisha friji, nami nikalala

Kila aliyeniona Machi ile aliniambia niende Zanzibar. "Dada umechoka, kapunge upepo." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana dawa yangu ilikuwa jikoni kwangu, Kimara.

Nafanya kazi ya hesabu, Posta. Msimu wa kufunga hesabu nilitoka nyumbani giza bado, niwahi mwendokasi kabla halijajaa, nikarudi saa tatu usiku. Ilifika siku nikiwasha kompyuta machozi yanatoka tu. Nikapima malaria, hakuna. Wengine wakasema uvivu. Hilo nalikataa kabisa: Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuwa uchovu wa namna hii unatokana na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inatoa siku 28 za likizo yenye malipo, na mimi sikuwa nimegusa hata moja. Nikaomba 14.

Wiki ya kwanza sikulala. Saa tisa usiku macho makavu. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika. Feni imesimama, joto la Machi mnalijua, mbu wanaimba sikioni, na mimi nikalala fofofo mpaka asubuhi. Umeme uliporudi ndipo nikaisikia friji. Jiko limepakana na chumba changu, na ngurumo ile nilikuwa nimeizoea hadi siisikii tena.

Nikakaa nayo na saa mkononi. Friji iliyo nzima hunguruma, ikishapooza hunyamaza, kisha huanza tena. Yangu saa nzima haikunyamaza. Kumbe ndiyo iliyokuwa inamaliza umeme wa LUKU! Kompresa, yaani mota ya friji, ya wati 100 isiyopumzika inakula uniti 2.4 kwa siku. Ikipumzika nusu ya muda, inakula nusu yake.

Fundi wa kwanza hata mlango hakuufungua. "Gesi imeisha, dada." Akajaza, nikatoa kama elfu sitini na kitu, ngurumo ikabaki vilevile. Nikampata mzee mmoja Manzese, nikamwamkia, nikamweleza. Akasikitika. "Mwanangu, gesi ya friji haiungui kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikipungua pana tundu, na asiyeziba tundu anakulia hela. Nenda ukabane noti mlangoni."

Nikabana noti ya elfu moja, nikafunga mlango, nikaivuta. Pembeni ilishika. Chini ikashika. Kona ya juu, upande wa bawaba, ikateleza kama hakuna mlango. Mpira ulikuwa umekakamaa na kujikunja, hewa yetu ya pwani yenye unyevu inaingia usiku kucha, ndiyo maana barafu ilikuwa inaganda kama ukuta.

Kwanza nikaufunga mlango kwa kamba ya mpira ya bodaboda. Kosa. Kamba ilivuta katikati, kona ikazidi kuachia, na kila mtu aliyetaka maji ilibidi afungue fundo. Siku tatu nikaitoa.

Ndipo nikachemsha maji, nikachovya kitambaa, nikakamua na kuukanda mpira ule taratibu, pale penye mkunjo nikirudia mara nne, tano, mpaka ukalegea kama chapati ya moto. Nikauvuta kwa vidole urudi umbo lake, nikapaka mafuta ya mgando kidogo upande wa bawaba usije ukajikunja tena, nikafunga mlango na kuuegemeza kiti usiku mzima. Asubuhi noti ilishika kona zote nne, hadi nikaogopa itachanika. Mpira uliopasuka hautibiki hivi, huo nunua mwingine.

Kabla ya kuiwasha nilisogeza friji kutoka ukutani na kufagia vumbi kwenye ule wavu mweusi wa nyuma, maana ndipo joto linapotokea. Zima umeme kwanza, tafadhali.

Usiku ule ilinguruma, ikanyamaza. Nikausikia ukimya wenyewe. Sikumbuki ilipoanza tena.

Niliporudi kazini nilimwambia mkuu wangu kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni simu ya ofisi nazima, akakubali kwa shingo upande. Siku zangu 14 zilizobaki nimeziomba Desemba. Sisafiri popote.